Mlango Usiopigwa Hodi

Ganjoni, orofa ya tatu, saa nne asubuhi.
Bi Rukiya amenipa chai kabla ya kunipa tatizo:
ukuta wa sebule watoka jasho.
Doa lina ukubwa wa sinia. Juzi lilikuwa la kisahani.
"Vunja popote, mwanangu, ila usivunje hapa,
wala hapo penye picha ya harusi,
wala pale, rangi haijamaliza mwezi."

Naweka sikio ukutani kama mkunga.
Nagonga kwa kifundo cha kidole.
Ndi. Ndi. Ndi.
Jiwe, jiwe, jiwe.
Twasukuma kabati la vyombo, vikombe vyatetemeka,
nagonga tena:
po.
Hapo ndipo.

Nakwangua. Rangi ya maziwa, mikono mitatu.
Chini yake kijani cha hospitali.
Chini yake plasta nyembamba kama ganda la yai,
na chini ya plasta, skrubu nne zilizoliwa na chumvi.

Wahenga walituonya juu ya ufa usiozibwa.
Juu ya mlango uliozibwa
hawakutuachia neno.

Kule Mji wa Kale wageni huipiga picha milango ya msaji,
nakshi na misumari ya shaba,
hata ile ambayo nyuma yake hamna tena nyumba.
Huu wangu ni bati, futi kwa futi.
Hauna kizingiti, hauna komeo,
hakuna aliyewahi kuupigia hodi,
na aingiaye ni mkono tu, hadi begani,
shavu limebanwa ukutani, macho yako darini
kama mtu anayetafuta jina alilolisahau.

Ndani kuna giza lenye harufu ya sarafu.
Bomba la maji ya kaunti, bomba la maji ya kisima,
wake wenza wasiosemezana.
Waya kuukuu zilizovikwa kitambaa.
Kijiko cha alumini, cha nani, sijui,
pengine alikiacha pamoja na njaa yake.
Na nyuma ya kile kibati, kwa penseli ya seremala:

*Koki ya kushoto yakwama. Izungushe polepole.
Ukiilazimisha itakatika.
Nyamawi, mkesha wa Idi.*

Mwaka hakuandika.
Simjui Nyamawi, sijui kama yu hai,
lakini grisi yake bado imo kwenye meno ya koki.
Alidhani kuna atakayefuata.
Aliyefuata akaja na mwiko
akaipaka plasta barua.

Tajiri mmoja wa Nyali aliniambia,
"Sitaki kuona kiraka kwenye dari yangu ya jipsam."
Nikamwuliza: na wewe, siku moyo ukigoma,
daktari atapitia wapi?
Akacheka sana, akaniita malenga,
akanikata mia tano.
Miezi minane baadaye dari ilimwangukia mezani,
wali, wageni, na yote.
Sikucheka. Nilicheka kidogo.

Robo. Nangoja.
Nusu. Koki yalia kama mtoto anayeamshwa shule.
Kisha yanyamaza, na ukutani
tone moja lafikiri, halianguki.

"Sasa utauziba vizuri, ee?"
La, Bi Rukiya.
Natia skrubu mpya, za shaba, zisizoogopa bahari.
Nairamba penseli, naandika chini ya mwandiko wa yule bwana:

*Bado yakwama. Nimetia raba mpya.
Mwanakombo, Jumanne, maji ya kaunti hayajaja.*

Naacha nafasi, upana wa vidole vitatu.

Twalirudisha kabati, yeye upande huu, mimi ule.
Hakusema kitu.
Lakini lilipotua
lilikuwa shibiri mbili kando ya pale lilipokuwa.